Kila Ndoo na Ng'ombe Wake

Kazi ya Wol ilikuwa kumwaga ndoo. Basi, hakuna zaidi. Asubuhi pampu ikishajaza tangi, alikoroga dawa ya maji kwenye ndoo, akaiacha itulie, akapanda nayo ngazi ya chuma, akaimwaga ndani, akashuka, akachukua nyingine. Alasiri hivyo hivyo, na kesho hivyo hivyo. Mtaa wao mzima hapo kambini Kakuma ulikunywa kutoka kwenye lile tangi, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumwambia asante. Nani anakumbuka kushukuru maji ambayo hayajamuumiza?

Kazi ya namna hiyo humla mtu taratibu. Mikono hujifunza, na ikishajifunza haina haja tena na mwenyewe. Wol aliligundua jambo hilo mapema, akajitafutia njia. Kwao Sudan, Wadinka hawana desturi ya kuhesabu ng'ombe. Jioni kundi likirudi, kila mmoja anakwenda kwenye kigingi chake, nawe unapita ukiwaita kwa majina. Ukikuta kigingi kitupu umeshajua ni nani aliyepotea. Kundi la baba yake liliisha lote vitani, hakubaki hata ndama, lakini vigingi Wol alivikumbuka mpaka cha mwisho. Basi kila ndoo akaipa ng'ombe wake. Ya kwanza ilikuwa ya Mabior, mweupe pe. Ikafuata ya Malual mwekundu, kisha Majok mwenye mabaka, kisha Mangar wa milia, yule aliyevunjika pembe moja. Ya mwisho ilikuwa ya Mayen, wa rangi ya nyasi kavu. Alipanda ngazi akimwita ng'ombe na kumsifu kidogo, akamwaga, akashuka. Kabla Mayen hajafungwa, hakuna mfereji uliofunguliwa.

Nyumbani bintiye Yar, ambaye alizaliwa njiani na hajawahi kuona ng'ombe wa kwao hata mmoja, alikuwa anawajua wote. Aliamini wanaishi ndani ya tangi. Kila jioni alimdai baba yake habari za Mangar: pembe inamuuma bado? Leo amekula? Wol alijibu yote, na mkewe Adhieu alicheka akiwaambia kwamba siku moja watamwomba yeye aende kuwakamua.

Halafu ikaja mvua ya mwaka wa tisini na saba, mvua ambayo hata Waturkana wenyewe, wenyeji wa nchi ile kavu, walitoka nje wakaitazama mikono kiunoni. Laga, ule mto wa mchanga usio na maji, ikajaa, barabara ya Lodwar ikakatika, vyoo vikabomoka. Kipindupindu kilisemwa kwanza kiko mbali, baadaye kikasemwa kiko ng'ambo ya laga, na mara nyuma ya zahanati likasimamishwa hema lililozungushiwa kamba. Watu wakaanza kuogopana. Salamu za mkono zikaisha. Kuna mtaa ambako mtu alipigwa, jamani, akapigwa mpaka akazirai, kwa kuwa alionekana karibu na tangi na chupa mkononi. Chupa yenyewe ilikuwa ya mafuta ya kupikia.

Katika hofu hiyo, nani atamvumilia mtu anayeongea na maji? Vijana waliokuwa wakishinda mferejini, ambao zamani walimtania tu, sasa waliulizana kwa sauti huyu buda huwa anasomea maji nini huko juu. Maneno yakafika kwa Wasike, msimamizi wa maji, mtu wa Bungoma aliyeacha familia yake Lodwar na kuja kulala kwenye kijumba cha mabati karibu na pampu. Wasike hakuwa mtu mbaya. Alimvuta Wol kando.

"Wol, mimi najua unaimba ng'ombe tu," alimwambia. "Lakini watu wameogopa, na mtu akiogopa huwezi kumweleza kitu. Hiyo kuongea huko juu wacha kwanza. Fanya kazi kimya."

Wol alisema sawa, mkubwa. Aliona haya mpaka masikio yakamwaka moto. Tangu siku hiyo alipanda ngazi na kushuka mdomo umefungwa, na ng'ombe wakabaki bila mtu wa kuwaita.

Siku yenyewe ilianza kama siku zote. Barabara ilikuwa imefunguka, Wasike akapata lifti kwenda Lodwar kutafuta mkanda wa pampu, akasema atarudi kesho yake. Mferejini kulikuwa na ugomvi: mwanamke mmoja ameusogeza mtungi wa mwenzake, wamekamatana vitambaa vya kichwa. Wol aliwaamua, akawapanga upya, akafungua mifereji, akasimama na kuwatazama wakichota. Adhieu alikuwa kwenye foleni. Nyuma yake alikuwa Adhar, jirani yao wa ukuta kwa ukuta. Adhieu aliujaza mtungi wao, akajitwika, akaondoka. Adhar naye akajaza.

Hapo ndipo Wol alipojiuliza kama alitia dawa.

Alijiuliza kwa mzaha mwanzoni, namna unavyojiuliza kama umefunga mlango. Alitafuta jibu kichwani, halikuwepo. Alijiona akipanda ngazi, ndiyo, lakini huyo alikuwa Wol wa jana au wa juzi? Akazitazama ndoo. Zimelowa, lakini lini zilikuwa kavu? Akafungua debe la dawa, akakuta limepungua, na hakujua jana liliachwa wapi. Akainama kwenye mfereji akanusa. Pua yake ilikwisha kuzoea ile harufu zamani, hainusi tena kitu, ni kama kumwuliza mvuvi kama anasikia harufu ya samaki. Akatamani Wasike awepo na kile kisanduku chake cha kupimia, lakini Wasike alikuwa Lodwar na kisanduku kimefungiwa kwenye kijumba.

Angefanya nini? Afunge mifereji apige kelele kwamba huenda amewanywesha maji mabichi wakati huu wa ugonjwa? Watu wale wale waliosema anaroga? Alimfikiria yule mtu wa chupa ya mafuta. Aliifikiria kazi, kwa sababu ni hicho kijishahara chake kilichomnunulia Yar maziwa. Atie dawa sasa? Nusu ya watu wameshaondoka na maji, na akitia mara mbili yatanuka mpaka waseme ni sumu. Mama mmoja akamwuliza mbona anatokwa na jasho hivyo na jua bado. Akasema ni malaria. Akanyamaza, na maji yakaendelea kutoka mpaka foleni ikaisha.

Adhuhuri alikwenda nyumbani. Adhieu alikuwa ameenda kupanga foleni ya mgao wa mahindi, na Yar alikuwa kwa Adhar akicheza. Wol aliuchukua mtungi, akaenda nao nyuma ya nyumba, akaumwaga. Mtu anayeyamwaga maji Kakuma, akionekana, ataulizwa kama ana akili timamu. Aligeuka huku na huku mara nyingi. Ardhi iliyanywa yote, ikabaki alama nyeusi, akaifukia kwa mchanga kwa mguu wake.

Alijiambia kwamba alasiri atatia dawa kwa macho yake mawili, atawaletea maji safi, na mambo yatakuwa yamekwisha. Alijiambia pia kwamba pengine alitia, mbona anajisumbua. Ukuta wa pili, mtungi wa Adhar ulikuwa mlangoni umefunikwa kwa sahani. Aliuona. Akapita.

Kitu kidogo tu ndicho hakukifikiria, kwamba kati ya adhuhuri na alasiri mtoto husikia kiu.

Adhieu alirudi na mahindi kichwani akakuta mtungi mtupu umelala. Alimlaani mbuzi, maana pale mtaani hapakosi mbuzi wa kulaumiwa. Yar alikuwa akilia maji, na mifereji haikuwa ikifunguliwa tena mpaka alasiri. Angeweza kumwomba Adhar kikombe. Lakini juzi alimwomba, na Adhar akampa huku akisema mbele ya wanawake wengine kwamba leo mke wa mwenye tangi ndiye anayeomba maji. Walicheka, na Adhieu alicheka nao, na kile kicheko kilimkaa kooni tangu siku hiyo. Hakuomba. Alichukua mtungi, akashuka laga.

Kwenye laga alimkuta Nakuleu, mama wa Kiturkana aliyekuwa akiwauzia makaa. Nakuleu alikuwa amechimba shimo kwenye mchanga akinywesha mbuzi wake.

"Ejok, mama Yar," alimsalimu Nakuleu kwa lugha yake. "Hii maji ni ya mbuzi. Utachukua, lakini chemsha kwanza. Hii wakati ni mbaya."

Adhieu alimshukuru, na wallahi nia yake ilikuwa kuchemsha. Aliyaweka maji chini, akapiga magoti kwenye mafiga, akapuliza. Kuni zilikuwa zimenyeshewa, zikatoa moshi mtupu. Alikuwa bado anapuliza, machozi ya moshi yakimtoka, alipogeuka akamwona Yar ameshika kikombe kwa mikono miwili, anakunywa kwa pumzi moja. Alimpokonya. Kikombe kilikuwa kimebaki tone.

Jioni Wol alikuja na mtungi umejaa. Adhieu alimwambia ule wa asubuhi ulimwagika, labda ni mbuzi. Wol akasema labda. Laga Adhieu hakuitaja, aliona haya. Kumwaga maji Wol hakukutaja, aliogopa. Wakala ugali wao wakamsikiliza Yar akiuliza habari za Mangar, na baba yake akamwambia Mangar amelala, na wewe lala.

Siku iliyofuata jua lilipopanda, Yar alianza kuhara. Mara ya kwanza walidanganyana kwamba ni mahindi. Mara ya pili yalitoka maji meupe kama maji ya mchele, na hapo hakuna aliyehitaji kuambiwa. Macho ya mtoto yalizama wakimtazama, kwa saa chache tu, jamani, uso ukawa wa mtu mwingine. Wol alimbeba wakakimbia. Kwenye kamba ya hema alikuwepo muuguzi, Rispa, mwanamke mpana mwenye buti za mpira. Aliwanyunyizia dawa miguuni, akampokea mtoto, akasema anaingia mzazi mmoja tu. Adhieu akaingia.

Wol alibaki nje ya kamba. Alisimama akiitazama njia inayotoka mtaani kwao. Alijua sasa watakuja. Watakuja wamebebwa kwenye machela, kwenye mikokoteni, migongoni, wote waliopanga foleni jana asubuhi, na kila mmoja alikuwa ameuona uso wake akiwafungulia mfereji. Kila aliyetokea mbali alimkazia macho. Akapita mzee na fimbo yake, akapita mama na kuni. Alijaribu kuomba Mungu, maneno yakamkataa. Mwishowe hakuweza kusimama tena. Alimwona Wasike anashuka kwenye lori kutoka Lodwar na mkanda wa pampu begani, akamfuata, na palepale barabarani, bila hata salamu, akamwambia yote. Alimwambia kwamba jana asubuhi hajui kama alitia dawa, kwamba watu wote walichota, kwamba mtoto wake yuko ndani ya hema.

Wasike aliuweka mkanda chini polepole. "Umemwambia nani mwingine?"

"Hakuna."

"Mungu wangu," alisema Wasike, na Wol aliona kwamba mkubwa naye anaogopa, kwa sababu tangi lilikuwa la Wol lakini jina lililoandikwa ofisini lilikuwa la Wasike.

Wakakichukua kisanduku wakaenda kwa Adhar. Adhar alikuwa mlangoni, wanawe wakigombania kopo la kuchezea, wazima kama chuma. Wasike alimwomba, kwa upole aliojilazimisha, kama amebakiwa na maji ya jana asubuhi. Yalikuwepo, robo mtungi, bado yamefunikwa kwa sahani. Wasike alichota kidogo kwenye kichupa cha kioo, akatumbukiza kidonge, akaziba kwa kidole gumba, akatikisa. Wol hakuweza kutazama. Alitazama miguu ya Wasike.

"Tazama," alisema Wasike.

Maji yalikuwa yamegeuka rangi ya waridi. Waridi hafifu, kwa kuwa yamelala, lakini ni waridi.

"Ulitia dawa, Wol. Ulitia. Mikono yako ilitia." Wasike aliketi kwenye kizingiti cha Adhar bila kukaribishwa, akajifuta uso kwa kofia. Wol alianza kucheka, na hakujua kwamba analia mpaka Adhar alipomshika bega. Hakuwa amemuua mtu. Mtaa mzima ulikuwa salama. Kwa muda mdogo sana, mdogo kuliko ninavyousimulia, alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kakuma.

Kisha Wasike akauliza jambo ambalo yeyote angeuliza. Kama tangi lilikuwa zuri, huyu mtoto alikunywa wapi?

Adhar akajibu yeye, bila ubaya wowote. Alisema jana mchana alimwona Adhieu akipanda kutoka laga na mtungi, akashangaa, maana asubuhi walichota pamoja.

Wol aligeuka kuelekea laga. Wasike alimtazama, akautazama mtungi wa Adhar, akamtazama tena, na kwa kuwa hakuwa mjinga alielewa kiasi. Alimwambia aende akakae na mtoto, kesho asipande tangi, ya kazi wataongea. Wol aliitikia kama mtu anayeambiwa habari za nchi nyingine.

Jioni Rispa alimruhusu aingie, kwa sababu Adhieu alikuwa hajala tangu asubuhi na alikuwa anayumba. Ndani kulikuwa na vitanda vilivyokatwa shimo katikati, ndoo chini, na harufu ambayo hata pua ya Wol iliisikia. Dripu zilikuwa chache, zikawekwa kwa wale wasioweza kumeza. Yar aliweza kumeza, ndiyo bahati yake, kama unaweza kuiita bahati.

Wol alipiga magoti karibu na mkewe akamwambia. Alimwambia kwa Kidinka, kwa sauti ya chini, tangu ugomvi wa mferejini mpaka rangi ya waridi.

Adhieu alikuwa akimtazama mtoto. "Yalikuwa mazuri?"

"Yalikuwa mazuri."

"Ukamwaga yetu tu," alisema. "Ya Adhar ukayaacha wanywe."

Adhieu alimwekea kikombe na kijiko mkononi bila kumgusa vidole, akaenda kulala chini karibu na mlango wa hema, akampa mgongo.

Rispa alikuja na buti zake akamweleza kazi. Maji yale ya chumvi na sukari, kijiko kimoja, angoja kidogo, kijiko kingine. "Ukiharakisha atatapika yote," alisema. "Ukisahau atakauka. Usichoke. Mimi nitapita, lakini siwezi kukaa hapa. Ni wewe."

Basi Wol akaanza. Kijiko, akangoja, kijiko. Midomo ya Yar ilikuwa imepasuka, alimeza macho yamefumba. Kijiko, akangoja. Nje watu walikuwa wakiita majina ya wagonjwa wao kutoka upande wa pili wa kamba. Kijiko. Alifikiri juu ya mgongo wa Adhieu. Alifikiri juu ya mtungi uliofunikwa kwa sahani. Aliangalia mkono wake akauona uko hewani na kijiko kitupu, na hakujua kama mtoto amemeza au kimemwagika shukani, wala hakujua amekaa hivyo tangu lini.

Hofu iliyompata hapo haikuwa kama ile ya mferejini. Ile ilikuwa ya watu wengi, hii ilikuwa na uso mmoja na ilikuwa mikononi mwake. Mikono ilikuwa inataka kwenda peke yake tena.

Alichovya kijiko. "Mabior," alisema. Sauti ilitoka kavu. "Mabior mweupe, njoo kwenye kigingi chako." Yar akameza. Akangoja. "Malual. Malual mwekundu, baba yangu alikununua kwa mkuki." Akameza. Mama wa kitanda cha pili aligeuka akamtazama mtu huyu anayesemea maji ya mgonjwa, akavuta shuka la mwanawe karibu. Wol alimwona. Aliona haya, masikio yakawaka moto kama siku ile, na akaendelea kwa sauti kubwa zaidi.

Rispa akasimama na ndoo yake. "Unasema nini hapo?"

"Naita ng'ombe."

Rispa aliangalia kikombe, akaangalia mdomo wa mtoto. "Ita," alisema, akapita.

Aliwaita wote mpaka Mayen, kisha akaanza tena kwa Mabior. Kundi lilirudi zizini, likatoka, likarudi. Kikombe kiliisha, kikaletwa kingine. Adhieu alikuwa ameketi sasa, amejifunika kitambaa, anamsikiliza, lakini hakusogea. Koo la Wol lilikauka na yale maji hakuyagusa. Yar hakufungua macho. Wakati mwingine alichelewa kumeza, na Wol alishikilia kijiko akilirudia jina lile lile, akilirudia, mpaka koo dogo likatikisika.

"Mabior. Mabior mweupe." Kijiko. "Malual." Kijiko. "Majok, wewe wa mabaka." Kijiko. "Mayen, rangi ya nyasi, wa mwisho, njoo."

Mdomo wa Yar ulikuwa umefungwa. Alingoja. Haukufunguka. Aligusa midomo kwa ncha ya kijiko, na haukufunguka, na Adhieu akawa amesimama tayari.

"Bado Mangar," alisema Yar.

Ilikuwa sauti ndogo mno, macho bado yamefumba. Wol aliinama karibu.

"Umemruka Mangar. Yuko nje."

Mkono wa Wol ulitetemeka, nusu ya kijiko ikamwagika. Adhieu alipiga magoti upande wa pili wa kitanda akaushika ule mkono kwa chini, akaushikilia. Wol alichovya tena.

"Mangar," aliita. "Mangar wa milia, mwenye pembe iliyovunjika, ingia."

Yar akafungua mdomo.